Maswali ya Wasomaji: Heathrow Ilivyohamisha Terminali Zake Abiria Wakiwa Ndani

Makala fupi tuliyochapisha kuhusu jinsi uwanja wa ndege wa Heathrow, jijini London, ulivyopangua na kupanga upya terminali zake imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi kati yake zimeandikwa na watu waliowahi kukimbia katika korido zake mkoba ukiwa begani na jicho likiwa kwenye saa. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha, na moja tumeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo yenye kisa.

SWALI: Ndugu Mhariri, kila baada ya miaka michache nasikia kwamba Heathrow imefungua terminali mpya au imehamisha mashirika, lakini ndege ninazopanda zinaendelea kuzunguka angani zikingoja zamu ya kutua. Ikiwa foleni ya angani iko pale pale, mabilioni hayo yote ya pauni yamefanya kazi gani? (Msafiri aliyechoka kuzunguka)

JIBU: Ndugu msafiri, foleni unayoiona kutoka dirishani na foleni inayokungoja kwenye madawati ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, hata wanasiasa. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutua, ya kaskazini yenye urefu wa mita 3,902 na ya kusini yenye mita 3,658. Serikali ya Uingereza ilipotoa kibali cha kujenga Terminali ya 5 mwaka 2001, baada ya uchunguzi wa hadhara uliochukua karibu miaka 4, iliweka sharti kwamba safari za kuruka na kutua zisizidi 480,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku unapata wastani wa safari 1,315 hivi, na kwa miaka mingi uwanja huo umekuwa ukizitumia karibu zote. Maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kupumulia: upepo mkali ukilazimisha ndege ziachane kwa umbali mkubwa kidogo, zinazofuata hupelekwa kuzunguka juu ya mojawapo ya vituo vinne vya kungojea, yaani Bovingdon, Lambourne, Ockham au Biggin. Ungejenga terminali kumi, bado ungezunguka.

Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaopita. Mwaka 2008 Heathrow ilihudumia abiria takriban milioni 67. Mwaka 2024 ilihudumia milioni 83.9, chini ya kikomo kile kile cha safari. Ongezeko hilo la robo nzima limetokana na ndege kubwa zaidi na viti vinavyojaa zaidi, na watu hao wote wanahitaji mahali pa kukaguliwa, pa kuketi, pa kupokea mabegi na pa kupitishia pasipoti. Hiyo ndiyo kazi ya mabilioni uliyoyauliza. Kwa hiyo anayekuambia kwamba terminali mpya itaondoa msongamano wa ndege, mwulize kwanza njia ya kurukia iko wapi.

SWALI: Mhariri, mimi husafiri na Kenya Airways na kila mara hufikia Terminali ya 4, ambayo imejitenga kabisa na nyingine. Dada yangu akija na shirika jingine hushukia Terminali ya 2, katikati ya uwanja. Nani huamua haya, na kwa kigezo gani? Nakiri kwamba nimekuwa nikihisi tunadharauliwa. (Msomaji wa kike)

JIBU: Dada yetu, ondoa hisia hiyo, ingawa tunaelewa imetoka wapi. Kigezo kikuu kilichotumika katika mpangilio mpya ni ujirani: mashirika yanayouziana abiria yakae chini ya paa moja. Ndiyo maana mashirika ya muungano wa Star Alliance yalikusanywa katika Terminali ya 2, British Airways ikapewa Terminali ya 5, washirika wake wengi wa muungano wa oneworld wakawekwa katika Terminali ya 3, na yale ya muungano wa SkyTeam yakapelekwa Terminali ya 4. Kenya Airways imo katika SkyTeam tangu mwaka 2010, na hapo ndipo penye jibu la swali lako.

Ili kuona faida ya ujirani huo, fikiria hali ilivyokuwa kabla ya 2008. British Airways ilikuwa imegawanyika hasa kati ya Terminali ya 1, iliyokuwa katikati ya uwanja, na Terminali ya 4, iliyo kusini ya njia ya kusini ya kurukia. Abiria aliyetua Terminali ya 4 kutoka bara jingine na kutaka kuunganisha safari ya Ulaya katika Terminali ya 1 alikuwa na njia nzima ya kurukia ndege kati yake na lango lake. Alipanda gari, begi lake likashika njia nyingine, na shirika likabaki kuomba wawili hao wakutane kwenye ndege ile ile. Zidisha hilo kwa maelfu ya watu kila siku ndipo utaelewa kwa nini shirika hilo lilipigania miaka mingi kuwa na jengo la peke yake.

Terminali ya 4 ina kasoro yake ya kuzaliwa, na hakuna mpango wa mashirika unaoweza kuiondoa: ndege inayotoka huko na kutaka kutumia njia ya kaskazini ni lazima kwanza ivuke ya kusini, yaani ingoje mwanya kati ya ndege zinazotua au kuruka. Jengo la namna hiyo huwafaa zaidi mashirika ambayo abiria wake wengi wanaishia London, kuliko yale ambayo abiria wake wanabadilisha ndege. Kwa mtu anayekwenda mjini, unachokosa ni dakika chache za treni, na kumbuka kwamba kuhama kutoka terminali moja hadi nyingine kwa treni ndani ya Heathrow hakutozwi nauli.

Wala usidhani kwamba kanuni ya ujirani imefuatwa kama msahafu. Virgin Atlantic ilijiunga na SkyTeam Machi 2023 lakini imebaki Terminali ya 3 pamoja na mshirika wake Delta, na Emirates, ambayo haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, nayo iko hapo hapo. Shirika lililokwisha kujenga ukumbi wake wa kupumzikia abiria na kuzoesha wafanyakazi wake jengo fulani halihami kwa sababu tu limebadilisha marafiki. Tena kuna suala la maegesho: Airbus A380 ina mabawa yenye upana unaokaribia mita 80, na si kila lango linaweza kuipokea.

SWALI: Nimetazama ramani ya Heathrow mara tatu na naona Terminali ya 2, 3, 4 na 5. Ya 1 iko wapi? (Mwanafunzi)

JIBU: Ilifungwa tarehe 29 Juni 2015, na Aprili 2018 vifaa vyake, kuanzia madawati ya abiria hadi mikanda ya mizigo na mabango, vikapigwa mnada, kwa hiyo huenda kuna mtu nyumbani kwake leo ana bango linaloelekeza kwenye lango lisilokuwepo. Nyingine hazikupewa namba mpya. Jambo ambalo ramani haikuonyeshi ni kwamba jengo hilo halikufa lote. Mtambo wa mizigo uliokuwa chini yake uliendelea kuihudumia Terminali ya 2 jirani kwa miaka kadhaa baada ya abiria wa mwisho kuondoka, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizochelewesha kubomolewa kwake. Juu hakukuwa na abiria, chini mabegi yakiendelea na safari.

SWALI: Mhariri, mliandika kwamba ufunguzi wa Terminali ya 5 uliharibika na ule wa Terminali ya 2 ukaenda vizuri. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta na nimeshiriki kuhamisha ofisi moja tu, nikakonda. Tafadhali elezeni nini hasa kilitofautisha matukio hayo mawili. (Fundi)

JIBU: Ndugu fundi, swali lako ndilo tuliloliwekea nafasi.

Terminali ya 5, iliyosanifiwa na ofisi ya Richard Rogers na kugharimu pauni bilioni 4.3, ilifungua milango kwa abiria alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 Machi 2008. Usiku ule British Airways ilikuwa imehamishia humo sehemu kubwa ya safari zake kwa mkupuo mmoja. Matatizo hayakuanzia kwenye paa wala kwenye injini za mikanda. Yalianzia kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi. Wapakiaji wa mizigo walifika mapema, wakazunguka wakitafuta pa kuegesha, kisha wakakwama kwenye foleni ya kukaguliwa wenyewe kabla ya kuruhusiwa kuingia kazini, na baadhi yao walipofika hatimaye mbele ya kompyuta walishindwa kuingia kwenye mfumo. Mafunzo waliyopewa yalikuwa pungufu, na jengo walilikuta geni. Wakati huo abiria walikuwa wakiendelea kukabidhi mabegi, na mkanda hauna akili ya kujua kwamba upande wa pili hakuna mtu wa kupokea.

Tukisogea karibu zaidi utaona kosa ambalo wewe wa kompyuta utalitambua mara moja. Kila begi hufungwa utepe wa karatasi kwenye mpini wenye namba ya tarakimu 10, na namba hiyo hutanguliwa na ujumbe wa kielektroniki unaoueleza mtambo kwamba begi hili ni la abiria fulani, linakwenda mahali fulani, kwa ndege fulani. Wakati wa majaribio, wahandisi waliweka chujio kwenye programu ili ujumbe wa mabegi ya mfano usivuje na kuingia katika mifumo halisi ya uwanja. Majaribio yakaisha, terminali ikafunguliwa, na chujio lile likasahauliwa mahali pake. Matokeo yake, taarifa za mabegi yaliyokuwa yakiletwa na mashirika mengine ili yaunganishe na British Airways hazikufika. Begi likapita mbele ya kisomaji, namba ikasomeka vizuri kabisa, na mtambo ukaliona kuwa ni begi lisilo na mwenyewe, ukalipeleka kando likapangwe kwa mikono. Na mikono, kama tulivyosema, ilikuwa bado kwenye foleni ya ukaguzi.

Siku hiyo ya kwanza safari 34 zilifutwa, na kabla siku haijaisha shirika likaacha kupokea mabegi ya kupakiwa. Katika siku zilizofuata safari zilizofutwa zilipita 500, mabegi zaidi ya 20,000 yalitengana na wenyewe, na mengine yalipakiwa kwenye malori yakapelekwa Milan, nchini Italia, ili yapangwe huko. Kamati ya bunge la Uingereza ililichunguza jambo hilo, na viongozi wa shirika na wa uwanja walikiri kwamba muda wa majaribio ulikuwa umebanwa kwa sababu ujenzi ulichelewa kidogo na tarehe ya ufunguzi haikusogezwa. Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo uamuzi wenye makosa ulipofanyika, wiki nyingi kabla ya asubuhi ile.

Gharama haikuishia kwa abiria wa siku ile. Awamu ya pili, ya kuhamisha safari za mbali kutoka Terminali ya 4, ilikuwa imepangwa tarehe 30 Aprili. Ikaahirishwa, na zikahamishwa kidogokidogo kati ya Juni na Oktoba. Kupanga upya terminali ni kama kuhamisha wapangaji katika nyumba ambayo vyumba vyote vina watu: asipotoka wa kwanza, wa pili hana pa kuingia, na wa tatu anabaki na mizigo yake mlangoni. British Airways ilipaswa iache Terminali ya 4 ndipo wengine waingie, na wengine waingie huko ndipo Terminali ya 2 ya zamani, iliyokuwa ikitumika tangu 1955, iweze kufungwa. Ilifungwa Novemba 2009, ikabomolewa mwaka uliofuata, na mahali pake pakajengwa ile mpya.

Sasa njoo tarehe 4 Juni 2014. Terminali ya 2 mpya ilifunguliwa na shirika moja tu, United. Siku hiyo ya kwanza jengo lilifanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Waandishi wa habari waliofika wakitarajia vurugu walikuta korido pana na watu wachache, na bila shaka baadhi yao walirudi wakiwa wamevunjika moyo. Mashirika mengine, yote 26 ukihesabu na United, yaliingia kwa zamu katika muda wa miezi kadhaa, na kabla ya hapo maelfu ya watu wa kujitolea walikuwa wameitwa kuigiza abiria: wakapanga foleni, wakakabidhi mabegi, wakapotea njia makusudi na bila makusudi. Kasoro zilizojitokeza zilirekebishwa zikiwa bado ndogo. Uwanja ulikubali kubeba gharama ya kuendesha jengo nusu tupu kwa nusu mwaka, na nadhani wewe uliyehamisha ofisi unajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mwenye fedha akubali jambo kama hilo.

SWALI: Nilibadilisha ndege Heathrow, nikawahi, begi langu halikuwahi. Lilifika siku 4 baadaye. Shirika, ambalo silitaji, lilinijibu kwamba muda wangu wa kuunganisha ulikuwa halali. Sasa kosa ni la nani, na ningefanya nini? (Aliyevaa shati moja siku 4)

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kila uwanja huwa na muda wa chini wa kuunganisha safari, ambao mashirika huutumia kuuza tiketi. Ndani ya Terminali ya 5, kwa mfano, kwa miaka mingi umekuwa saa 1, na ukihama kutoka terminali moja hadi nyingine unaongezeka. Muda huo ukiwa halali kwenye tiketi moja, begi ni jukumu la shirika, si lako. Ukinunua tiketi mbili zisizohusiana, ndipo mzigo wa lawama unapohamia kwako, na hilo wauzaji wa tiketi za bei nafuu hawalisemi kwa sauti.

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa na kupewa namba yake, na usitupe kile kipande cha utepe ulichobandikiwa kwenye pasi ya kupandia ndege, maana zile tarakimu 10 ndizo zitakazolitafuta begi. Chini ya Mkataba wa Montreal, malalamiko ya begi lililochelewa hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, na la kuharibika ndani ya siku 7. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya SDR, sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila abiria. Ambatisha risiti za mashati uliyonunua. Shati moja kwa siku 4 linaonyesha uvumilivu, lakini halina risiti.

SWALI: Kwa nini wasibomoe yote wakajenga jengo moja kubwa, wakamaliza mchezo? Na ni kweli kwamba Terminali ya 3 nayo itafungwa? (Mzee msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Jengo moja kubwa si lazima liwe bora, kwa kuwa abiria angetembea kilomita nzima ndani yake. Kinachohesabika zaidi ni umbo. Terminali za zamani za Heathrow zilijengwa katikati ya njia za kurukia, zikafikiwa kwa barabara ya chini ya ardhi inayopita chini ya njia ya kaskazini, kisha zikaongezewa vidole vya kuegeshea ndege kila mahitaji yalipopanda. Kati ya kidole na kidole pakawa na kichochoro kisichopenya, na ndege moja ikisukumwa kinyumenyume kutoka langoni, zilizo nyuma yake hukaa zikiwasha mafuta bure. Mpangilio mpya ni wa majengo marefu yaliyolala sambamba, kama matuta shambani, na kati ya tuta na tuta pana nafasi ya ndege kupita kwa njia mbili. Terminali ya 5 ina matuta matatu ya namna hiyo, la tatu likiwa limefunguliwa 2011, na abiria huyafikia kwa treni ndogo ya chini. Terminali ya 2 ina jengo lake la pili lililoungana nayo kwa njia ya chini ya ardhi.

Terminali ya 3, iliyofunguliwa 1961, ndiyo iliyobaki nje ya mpangilio huo. Katika mpango ambao wamiliki wa Heathrow waliuwasilisha Agosti 2025, wenye makisio ya pauni bilioni 49 na njia ya tatu ya kurukia yenye urefu wa hadi mita 3,500, Terminali ya 2 ingepanuliwa, eneo la Terminali ya 5 lingeongezewa majengo mapya, na Terminali ya 3 ingefungwa hatimaye. Lakini ni mpango wa miaka mingi, na ule wa njia ya tatu umekwisha kupita bungeni mwaka 2018 na katika Mahakama ya Juu mwaka 2020 bila hata mita moja ya lami kumwagwa. Ukisafiri mwaka huu, mzee wetu, namba ya terminali iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo ya kufuata, na uiangalie tena siku moja kabla ya safari, kwa sababu mashirika bado yanahamahama.